MPANDO WA BUGARAMA NA JOTO LA PIKIPIKI

Warundi wengi, kwa kufuata Kifaransa, huiita pikipiki "moto". Mtu wa pwani aambiwapo kwamba jirani yake ameacha moto barazani akaenda kulala, hushtuka na kutafuta ndoo ya maji. Na kwa kweli hakukosea sana. Chombo hicho ni jiko linalotembea: lina petroli, lina cheche, na lina chungu cha aluminiamu kinachopata moto kupita chungu chochote cha jikoni. Tofauti ni kwamba jiko la nyumbani likizidi moto huungua chakula cha siku moja, ilhali jiko hili likizidi moto huungua akiba ya mwaka mzima, tena aghalabu mahali pasipo na nyumba wala fundi.

Wasomaji walio kazini Bujumbura wanapajua mahali penyewe. Barabara ya taifa namba 1 huondoka mjini karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapanda bila kupumzika hadi Bugarama, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi. Mwendo wote huo ni wa kilomita 35 tu. Hapo Bugarama barabara namba 2 hushika njia ya Muramvya kuelekea Gitega. Malori hupanda polepole kwa gia ndogo, na vijana wenye baiskeli huyang'ang'ania kwa nyuma ili wavutwe hadi juu. Pikipiki iliyobeba watu wawili na mizigo hupanda katikati ya hao wote, nyuma ya moshi wa lori, kwa mwendo wa mtu akimbiaye.

Hebu msomaji amfikirie sajini mmoja mwenyeji wa Nyarusange, huko Gitega. Nyarusange ilikuwa miongoni mwa komini za mkoa huo hadi mgawanyo mpya wa mwaka 2025, ulioipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5. Wenyeji wangali wakiitaja kwa jina lake lile lile. Sajini huyo ni mmoja wa maelfu ya askari wa Burundi waliotumikia Somalia chini ya Umoja wa Afrika, tangu kikosi cha kwanza cha Warundi kilipofika Mogadishu Desemba 2007 hadi ujumbe wa ATMIS ulipokoma Desemba 2024. Amerudi na akiba kidogo. Kazi yake iko Bujumbura, mkewe na watoto wako Nyarusange, na wakwe zake wako Muyinga, ambako nako jina la Nyarusange hutajwa, hata watu wa ukoo hulazimika kuulizana: "Nyarusange ipi, ya kwenu au ya kwetu?" Mtu wa namna hiyo hawezi kuishi bila chombo. Amenunua pikipiki ya injini ya sentimita za ujazo 150 inayopozwa kwa upepo, ya namna ile inayoonekana kila kituo cha abiria kuanzia Muyinga hadi Mwanza.

Sasa anataka kuipamba kwa safari. Dukani amepewa orodha: bomba la moshi fupi lenye mlio mkubwa, kioo kipana cha kuzuia upepo, taa nne za nyongeza, masanduku matatu ya mizigo, kinga za chuma za kuzunguka injini, na kifaa cha kupoza mafuta. Mkewe, ambaye ndiye mwenye daftari la matumizi, ameisoma orodha hiyo mara mbili, akauliza swali moja tu: "Baba watoto, katika vyote hivi, kipi kitakachoizuia isizimike tena pale mlimani na mtoto mgongoni kwangu?" Maana ilikwisha kuzimika mara moja. Swali hilo ndilo la kujibiwa hapa, kwa sababu bei ya orodha nzima ilikuwa sawa na bei ya bati zilizobaki kwa nyumba yao.

Kwanza ijulikane joto latoka wapi. Hesabu yake ni ya darasani tu. Pikipiki yenyewe ina kilo 120, dereva na mkewe kilo 130, mizigo kilo 50; jumla kilo 300. Kuuinua uzito huo mita 1,400 kunahitaji nguvu iliyomo katika sehemu moja ya nane ya lita ya petroli, laiti injini ingelitumia kila tone kwa kazi. Lakini injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Basi ili kuuinua mzigo ule huchoma nusu lita, na robo tatu za nusu lita hiyo hutoka kama joto. Joto hilo lingetosha kuchemsha maji zaidi ya lita 30, yaani jerikeni nzima na nusu nyingine. Tena hapo haujahesabiwa ukinzani wa upepo wala wa barabara.

Sehemu ya joto hilo hupitia bomba la moshi. Sehemu nyingine huchukuliwa na mafuta ya injini, na iliyobaki hutoka kwa mapezi, yale mabati membamba yaliyopangana kuizunguka silinda kama mapezi ya samaki. Mapezi hayana kazi nyingine ila kuupa upepo mahali pa kugusa. Palipo upepo, hupoza. Pasipo upepo, ni urembo. Na mlima ndio mahali ambapo injini hutoa joto jingi kuliko popote huku chombo kikienda polepole kuliko popote. Isitoshe, hewa ya Bugarama ni nyepesi: katika kimo kile uzito wake umepungua kama sehemu moja katika tano kuliko ile ya Dar es Salaam, hivyo hata huo upepo uliopo hubeba joto pungufu. Mama wa Bugarama anayepika maharage anaijua tabia ya kimo hicho kwa njia nyingine. Maji yake huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage hukawia kuiva na kuni huisha. Neema iliyopo ni ubaridi wa mlima wenyewe, kwani joto la hewa hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda.

Kwa hiyo jambo la kwanza halinunuliwi dukani. Ni kuyatazama mapezi. Yule sajini alikuwa na desturi ya kufunga gunia dogo la mchele mbele ya magoti yake, likaegemea injini. Juu ya kinga za miguu alikuwa amefunga kipande cha turubali ili suruali ya kazi isichafuke. Chini ya turubali hiyo palikuwa na tope la msimu wote wa mvua, limekauka katikati ya mapezi kama udongo wa mfinyanzi. Silinda ilikuwa imevikwa koti! Brashi ya mswaki uliochakaa na ndoo ya maji, injini ikiwa imekwisha poa kabisa, ilifanya zaidi ya kifaa chochote kilichoandikwa kwenye orodha. Gunia likahamia keria ya nyuma.

Ikumbukwe hapo maneno "injini ikiwa imekwisha poa". Wako madereva ambao, pikipiki ikizidiwa mlimani, hukimbilia mfereji na kuimwagia maji ili ipone upesi. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi hujikunja ghafula upande mmoja, na kichwa cha silinda huweza kupasuka au kupinda. Injini iliyozidiwa huzimwa, chombo kikaegeshwa kivulini kikielekea upepo, na watu wakakaa chini wakazungumza. Nusu saa yatosha. Hali kadhalika si vema kuiacha ikinguruma pale pale iliposimama, kwa kuwa huzalisha joto bila kupata upepo wowote. Dereva mwenye busara huilegeza mwendo katika kilomita ya mwisho kabla ya kituo, ipumue njiani, kisha huizima mara afikapo.

Jambo la pili ni mafuta, na hapa Burundi imepata majaribu yake. Katika miaka ya uhaba mkubwa wa petroli, hasa tangu 2021, watu wamezoea kununua lita moja moja kwenye chupa za maji, kutoka kwa wachuuzi wasiojulikana. Petroli ya namna hiyo mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayastahimili mgandamizo ndani ya silinda. Hulipuka kabla ya wakati wake, na injini hutoa mlio kama kokoto zitikiswazo ndani ya kopo. Mlio huo usikike mlimani na dereva aendelee kukaza, kichwa cha pistoni huliwa na moto hadi kikatoboka. Njia ya kupima ni rahisi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya mbali na moto: tone moja kwenye karatasi nyeupe safi. Petroli halisi huruka yote na kuiacha karatasi kama ilivyokuwa. Ikibaki doa la mafuta, hiyo chupa haifai kupanda Bugarama.

Kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wanaokaa nyumbani, yafaa kuongeza neno juu ya jerikeni zilizofichwa chini ya kitanda wakati wa uhaba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini; hutambaa sakafuni kama maji, ukapita chini ya mlango hadi kwenye mafiga, na ukirudi hurudi na moto. Familia zenye nyumba ya chumba kimoja hazina mahali pa kuweka petroli kabisa, hata lita moja.

Mafuta ya injini nayo yana siri zake. Pikipiki nyingi za kazi zina klachi inayooga ndani ya mafuta yale yale yanayolainisha pistoni na gia. Mafuta mengine ya magari madogo yametiwa dawa ya utelezi ili kupunguza matumizi ya petroli, na dawa hiyo huifanya klachi iteleze. Injini hulia, chombo hakiendi, na joto huongezeka. Ndiyo maana Wajapani waliweka alama ya JASO MA kwa mafuta yanayofaa klachi ya namna hiyo. Alama hiyo itafutwe mgongoni mwa chupa, pamoja na namba ya uzito aliyoiandika mtengenezaji katika kitabu cha chombo. Injini nyingi za aina hii zilizoko katika nchi zetu za joto hutumia 20W-50. Kiasi chake ni kama lita moja tu. Lita moja hiyo ndiyo inayolainisha, inayoosha, na inayobeba joto, kwa hiyo ikipungua robo lita, robo ya mbeba-joto imepotea. Sajini alikuwa akiyabadilisha mafuta yalipokuwa meusi "kweli kweli", kwa maneno yake. Mkewe alifungua ukurasa katika daftari akaandika kilomita za kila badiliko. Tangu hapo mafuta hubadilishwa kwa namba, wala si kwa rangi. Chupa ichaguliwe yenye mfuniko ambao haujafunguliwa, maana mafuta yaliyokwisha tumika huchujwa kwa kitambaa na kuuzwa tena yakiwa yamependeza macho.

Fundi mzee aliyeitazama pikipiki hiyo hakuanza kwa kufungua kitu kikubwa. Aliitoa plagi, akaielekeza kwenye jua, akamwita sajini. "Afande, hebu soma barua hii." Ncha ya plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa. Plagi yenye rangi ya kahawia, mfano wa chai ya maziwa, huonyesha kwamba petroli na hewa zimechanganyika kwa kadiri. Ikiwa nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Nyeupe ni dalili ya hewa kuzidi na injini kuungua. Sababu ilipatikana upesi. Fundi mwingine wa mlimani, alipoona chombo kinatoa moshi mweusi kule juu, alikuwa ameibana kabureta ili petroli ipungue. Kule juu alifanya sawa, maana hewa ni chache. Lakini sajini aliposhuka hadi ziwani, ambako hewa ni nzito, petroli ile iliyobanwa haikutosha tena, na kila safari ya kupanda ilianza na injini iliyokwisha kupata homa. Mtu anayeishi kati ya ziwa na mlima hana budi kuirekebisha kabureta kwa hali ya ziwani, akavumilia moshi kidogo na uvivu kidogo huko Bugarama. Petroli ikizidi kidogo hupoteza fedha; ikipungua hupoteza injini.

Fundi yule alitazama pia namba ya plagi. Katika plagi za NGK namba ikubwapo ndivyo plagi inavyotoa joto upesi zaidi, na katika zile za Bosch mambo ni kinyume. Wauzaji wengi hutoa yoyote inayoingia kwenye tundu. Kisha, injini ikiwa baridi, akapima nafasi ya valvu. Valvu ya moshi iliyokazwa mno haifungi sawasawa, na kwa kuwa hupoa kwa kugusa kiti chake, isipokigusa huungua ukingoni. Kazi zote hizo zilimgharimu sajini sehemu ndogo tu ya bei ya lile bomba la moshi alilolitamani.

Ndipo yakaja mazungumzo ya orodha.

Bomba fupi la mlio mkubwa lilifutwa kwanza, tena bila huruma. Moshi ukitoka kwa wepesi zaidi, hewa nyingi zaidi huingia, na kama kabureta haikurekebishwa kuendana nalo, plagi hurudi kuwa nyeupe. Mtu hulipa fedha ili aongeze joto. Zaidi ya hayo bomba fupi huutema moto karibu na mguu wa abiria, na abiria huyo ni mke aliyeuliza swali. Kioo kipana cha mbele kilifuatia. Kwa pikipiki kubwa iendayo kwa kasi katika barabara pana kina faida yake. Kwa injini ya 150 mlimani kinaongeza uzito na ukinzani, na vioo vingine vinavyoshuka hadi chini huunyima upepo njia ya kuyafikia mapezi.

Badala yake fundi alipendekeza kitu ambacho hakikuwamo kabisa katika orodha: gurudumu la meno la nyuma, lile linalovutwa na cheni. Pikipiki ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma, maana yake injini huzungusha meno ya mbele mara tatu gurudumu lizunguke mara moja. Likiwekwa la meno 45 nyuma, hesabu hupanda hadi mara 3.2 hivi, yaani nguvu ya kuvuta huongezeka kwa asilimia 7. Ni kidogo kwa maneno, lakini mlimani ndiyo tofauti ya injini inayokokota gia ya tatu kwa kukoroma na injini inayopanda kwa gia ile ile ikiimba. Kukoroma huko ndiko kunakopika: mafuta mengi, mizunguko michache, upepo hafifu. Gharama yake nyingine ni kwamba kwenye tambarare, pale injini ilipokuwa ikitoa kilomita 60 kwa saa, sasa hutoa 56. Sajini alinung'unika. Mkewe alisema kilomita 56 zinamtosha kabisa.

Kifaa cha kupoza mafuta kilijadiliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa si kitu cha upuuzi. Katika pikipiki kubwa za safari ni sehemu ya injini tangu kiwandani. BMW R1200GS ambazo Ewan McGregor na Charley Boorman walizipanda mwaka 2007 kutoka Uskoti hadi Cape Town, wakipita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, zilipozwa kwa hewa na mafuta. Kampuni hiyo ilikuwa imejifunza mapema. Katika R 32 ya mwaka 1923 silinda mbili zilitokezwa kushoto na kulia kama masikio, ili kila moja ipate upepo wake, tofauti na injini iliyozitangulia ambayo silinda ya nyuma ilijificha nyuma ya mwenzake ikaungua. Harley-Davidson, wenye silinda mbili zilizopangwa mbele na nyuma, wamehangaika na silinda hiyo ya nyuma kwa miaka mingi. Baadhi ya pikipiki zao za safari zimewekewa mtambo wa kuizima silinda ya nyuma chombo kisimamapo kikiwa cha moto sana, na injini yao ya Milwaukee-Eight, iliyotoka mwaka 2016, hupoza vichwa vya silinda kwa mafuta au kwa maji. Polisi wa misafara, ambao huzuiwa saa nzima juani wakisubiri mgeni apite huku injini zikinguruma, wanaielewa shida hiyo kwa mapaja yao wenyewe. Kwa vyombo vyao kifaa kizuri cha kupoza mafuta, au feni, ni ununuzi wa maana. Wenye pikipiki za maji wakumbuke tu kwamba rejeta ya moto haifunguliwi mfuniko kamwe, na haijazwi maji ya kijito yenye chumvi za udongo, ila dawa yake iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa.

Lakini kwa injini ya 150 yenye mapezi safi, mafuta halali na kabureta iliyo sawa, mtengenezaji alikwisha weka kipoza-joto cha kutosha. Kuongeza mirija na viungo vya bei nafuu ni kuongeza mahali pa kuvuja, na mafuta yakivuja juu ya tairi la nyuma kwenye kona za Bugarama, joto halitakuwa tena shida ya mtu huyo. Kikafutwa.

Taa nne zikawa taa moja nzuri iliyoelekezwa vema, kwa sababu alteneta ya pikipiki ndogo haikukadiriwa kulisha nne, na betri ingekufa usiku. Sanduku moja likabaki kati ya matatu, likafungwa chini na karibu na katikati. Kinga ya chuma ikabaki, ila ile nyembamba isiyoziba upepo. Kisha zikaongezwa fedha za tairi la nyuma na viatu vya breki, ambavyo muuzaji hakuvitaja hata kidogo, labda kwa kuwa havionekani kwenye picha.

Maana kila apandaye Bugarama atashuka. Kushuka nako kuna joto lake, safari hii katika breki. Nguvu ile ile iliyowekwa katika kilo 300 wakati wa kupanda lazima itoke wakati wa kushuka, na mtu akiibana breki bila kuiachia kwa kilomita kadhaa, joto lote huishia katika viatu na kombe lake hadi mkono unabana bila kitu kushika. Malori yaliyopoteza breki katika mteremko huo yamewafundisha watu wa njia ile kwa msiba. Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Breki ishikwe kwa nguvu kidogo kidogo na kuachiwa, ipumue. Wenye pikipiki za zamani za mipigo miwili, kama Yamaha AG 100 ambazo maofisa wengi wa kilimo walizitumia, wana tahadhari ya ziada. Injini hizo hupata ulainishi pamoja na petroli, kwa hiyo mtu akifunga mafuta kabisa na kuiacha gia ishike mteremko mzima, injini huzunguka kwa kasi ikiwa kavu. Mafuta yafunguliwe kidogo mara kwa mara, hata kama hayahitajiki kwa mwendo.

Limebaki jambo moja la nyumbani. Ndani ya mguu wa kulia wa abiria wengi wa pikipiki, tangu Bujumbura hadi Mombasa, lipo kovu la bomba la moshi, na watoto ndio waumiao zaidi, kwa kuwa chombo kikifika uani hukimbilia kukipokea. Bomba hubaki la moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Mtoto akiungua, mguu uwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, si dakika mbili; kama hakuna bomba la maji, jagi limiminwe polepole na kujazwa tena. Dawa ya meno, samli, majivu na unga visitumike, maana hufungia joto ndani na kuleta uchafu. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisichoshika, malengelenge yasitumbuliwe, na ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au limekuwa jeupe na halimuumi, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Bamba la kukinga joto juu ya bomba la moshi, lile la kutobolewa matundu, ni la bei ndogo. Ndilo lililochukua nafasi ya kioo kipana katika orodha ya sajini.

Jumamosi iliyofuata waliondoka Bujumbura saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kupata nguvu na kabla ya malori kuwa mengi. Walisimama mara moja Bugarama, wakanunua karoti na kabichi kwa wauzaji wa kando ya barabara, wakaiacha pikipiki kivulini kwa muda wa kunywa chai. Sajini aliitoa plagi kwa mkono uliofungwa kitambaa, akamwonyesha mkewe. Ilikuwa ya kahawia. Mkewe aliitazama, akaandika namba ya kilomita katika daftari, na chini yake akaandika idadi ya bati zitakazonunuliwa mwisho wa mwezi.